Makao ya Salama Katika Nchi ya Upare: Mlima, Boma na Jirani

Mtu ahamiaye mji asioujua, kabla hajauliza kodi ya chumba wala umbali wa soko, huuliza kama mahali hapo pana usalama. Swali hilo si la watu wa miji peke yao, wala si la zama zetu tu. Watu wote waliopata kuhamia nchi ngeni walilazimika kuliuliza na kulijibu, na jibu lao huonekana hata leo mahali nyumba zao zilipojengwa. Makala haya yanakusudia kulitazama swali hilo katika nchi ya Upare, yaani milima ya Upare ya Kaskazini na ya Kusini, pamoja na nyika inayoizunguka na mji wa Same uliomo katika nyika hiyo. Nchi hiyo yafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa kuwa jibu la swali lenyewe limebadilika huko mara kadhaa katika muda usio mrefu sana, na kila lilipobadilika watu walihama: ama walipanda, ama walishuka.

Yako maelezo yaliyozoeleka. Yasemwa ya kuwa Wapare walikimbilia milimani kwa kuwaogopa Wamaasai waliotawala nyika, na kwamba walikaa huko juu kama ndege waliojificha mtini mpaka walipokuja Wajerumani. Hata jina lao limefasiriwa kwa njia hiyo. Husimuliwa ya kuwa Wachagga walipopigana nao zamani walipiga ukelele wa "mpare, mpare", yaani mpigeni, na wale waliopigwa wakakimbilia milimani na kuitwa kwa ukelele huo. Wenyeji, hasa wale wa kusini, hujiita Vaasu na lugha yao huiita Chasu. Watu wa Ugweno nao wana Kigweno, lugha iliyo karibu zaidi na Kichagga kuliko Chasu. Jina ambalo watu wamebandikwa na majirani zao ni ushahidi mdogo sana wa historia yao, na hadithi iliyotungwa ili kulifasiri jina hilo ni ushahidi mdogo zaidi. Sisemi kuwa maelezo haya ni uongo mtupu. Nasema kuwa yameifanya nusu ya habari kuwa habari nzima, na ile nusu iliyoachwa ndiyo itufundishayo zaidi jinsi watu wanavyochagua mahali pa kukaa.

Tuanze na nyakati. Katika kitabu chake juu ya historia ya utawala wa Wapare kilichotoka mwaka 1969, marehemu Profesa Isaria Kimambo, ambaye mwenyewe alikuwa Mpare, alikusanya simulizi za koo nyingi na kuzilinganisha kizazi kwa kizazi. Kwa hesabu yake, Ugweno ulikwisha kuwa na utawala wenye mpango mnamo karne ya 16, Wasuya walipowapokonya madaraka Washana, ambao walikuwa mafundi wa kufua chuma. Mtawala Mranga akumbukwa kwa kuupanga upya utawala huo na kuyatia chini ya mamlaka yake mafunzo ya vijana ya msituni yaitwayo mshitu. Wamaasai, kwa upande wao, hata tukiwapa muda mrefu kadiri iwezekanavyo, hawakuwa na nguvu kubwa katika bonde la Mto Pangani kabla ya karne ya 18. Basi hoja ni nyepesi: watu hawawezi kumkimbia adui ambaye hajafika. Walipotokea wapiganaji wa nyikani, Wapare walikuwa juu tayari, na walikuwa huko kwa sababu nyingine.

Sababu ya kwanza ni maji. Anayeshuka garini katika mji wa Same hujikuta mahali palipo mita zipatazo 860 juu ya bahari, penye miti ya miiba, vumbi jekundu na mvua haba isiyoaminika. Akiinua macho aiona milima ya Upare ya Kusini, ambayo kilele chake cha Shengena chafika mita 2,462, na mara nyingi kilele hicho kimefunikwa na mawingu. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hugonga kwanza ubavu wa mashariki, hivyo Gonja na Mamba hupata mvua njema, na ubavu wa magharibi unaotazama Makanya na Hedaru hubaki umekauka. Mkulima wa migomba na viazi hakuhitaji kutishwa kwa mkuki ili apande mlima wa namna hiyo. Na hata maji yasiyotosha yalipangiwa kazi. Wapare walichimba ndiva, mabwawa madogo ya udongo na mawe, ambayo maji ya mfereji huingia humo usiku kucha na kufunguliwa asubuhi kwenda mashambani kwa zamu. Ndiva ya Manoo iliyo karibu na Bangalala, juu ya Makanya, ilikuwa ingali ikitumika mwanzoni mwa karne hii. Mwenye zamu katika ndiva ana jirani anayemtegemea na anayemchunga. Hilo nitalirudia baadaye.

Sababu ya pili ni homa. Hapa tunao ushahidi wa lugha ambao wataalamu wa Kiswahili na wa lugha zilizo ndugu zake wapaswa kuuthamini kuliko unavyothaminiwa sasa. Daktari Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa maradhi ya kuambukiza, alikaa katika milima ya Usambara, ambayo ni jirani ya Upare kwa upande wa kusini mashariki, mnamo mwaka 1898. Aliona ya kuwa wenyeji wa milimani walitumia neno moja, mbu, kwa mdudu na kwa ugonjwa wenyewe. Walimweleza kuwa mtu akishuka nyikani huumwa na mbu, kisha hupata mbu. Huu ulikuwa wakati uleule ambao madaktari wa Ulaya na wa Bara Hindi walikuwa wakishindana kuthibitisha kwamba ni mbu aletaye malaria. Watu wa milimani walikwisha kulitia jambo hilo katika msamiati wao, na kwao nyika ilikuwa mahali pa kupita, si pa kulala. Upare na Usambara hutazamana juu ya bonde moja la Mkomazi, na wenyeji wa milima yote miwili walishuka katika nyika ileile, iliyokuwa na mbu walewale.

Hivyo twaona kuwa mlima ulichaguliwa kwanza kwa maji na kwa afya. Lakini mlima ni mpana, na mtu hakai juu ya mlima wote. Swali la pili, ambalo kwa mgeni lilikuwa gumu zaidi, lilikuwa: akae upande gani, na karibu na nani? Koo za Upare hazikutoka mahali pamoja. Wako waliotoka Taita, wako waliotoka Ukamba, wako waliotoka Usambara na Unguu, na walipofika walikuta ardhi ina wenyewe. Ukoo uliotangulia kufyeka pori ndio uliokuwa na matambiko ya mahali hapo, na kila ukoo wenye mizizi ulikuwa na msitu wake mtakatifu uitwao mpungi. Mgeni aliyeuona mpungi alijua mara moja kwamba mahali hapo pana wazee, pana mipaka na pana sheria. Mahali pasipo na mpungi palikuwa hapana mwenyewe, na asiye na mwenyeji hana wa kumtetea. Katika Mbaga na sehemu nyingine za kusini waliheshimiwa sana waganga wa mvua, na mgeni aliyetaka amani alikwenda kwao mapema. Naona ya kuwa kipimo hiki kilikuwa na uzito kuliko urefu wa jabali. Jabali lilimzuia adui wa nje, lakini halikumzuia mwizi wa mbuzi, wala mgomvi wa mpaka, wala mwenye kurusha maneno ya uchawi.

Chuma nacho kilikuwa ngao ya namna yake, na hapa ile hadithi ya wakimbizi yazidi kuharibika. Majembe na mikuki ya Upare ilinunuliwa na Wachagga na Wamaasai, yaani walewale wanaotajwa kuwa adui. Mtu hachomi kwa urahisi kijiji ambako hununua mkuki wake. Sidai kwamba mashambulizi hayakuwako. Yalikuwako, na ng'ombe waliibwa kila upande. Nadai tu ya kuwa ujirani wa Upare na nyika haukuwa wa paka na panya, bali ulikuwa wa soko lenye ugomvi.

Karne ya 19 ndiyo iliyoichafua hesabu hii yote. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Pangani ilizoea kupanda bonde na kupita ubavu wa mashariki wa milima, kwa Gonja na Kisiwani, ikielekea Taveta na Kilimanjaro kutafuta pembe na watumwa. Bunduki zikaingia. Katika Usambara, alipokufa Mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, wanawe na wajukuu wakapigana, na mshindi halisi akawa Semboja, ambaye hakukaa Vuga mlimani kama baba yake, bali alikaa Mazinde, chini, kando ya njia ya misafara. Msomaji wa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi ambacho J. W. T. Allen alikitoa upya mwaka 1962, ataiona hali hiyo kwa macho ya mtu aliyeishi nayo. Uamuzi wa Semboja ni wa kuangaliwa sana. Yeye alipima usalama kwa baruti. Mlima kwake ulikuwa mbali na bandari, na aliye mbali na bandari hana risasi.

Upare nao ulipata watu wa namna hiyo, wadogo kwa wakubwa. Baadhi ya watawala walijifunza kwamba mtu mmoja aliyeuzwa aleta bunduki, na bunduki moja yaleta watu wengine wa kuuzwa. Msichana aliyekwenda kuchota maji aliweza kukamatwa si na Mmaasai aliyepanda kutoka nyikani, bali na vijana wa bonde la pili waliosema lugha yake na kumjua baba yake. Hapo mlima haukusaidia kitu. Hatari ilikuwa imehama kutoka nje ikaingia ndani, na watu waliohesabu njia za kupandia milimani kama milango ya nyumba yao wakaona mwizi anatoka chumbani. Hii ndiyo sababu nasema kwamba habari ya kukimbia Wamaasai imewafunika wenye hatia halisi wa miaka ile. Ni rahisi zaidi kwa ukoo kusimulia adui mwenye mkuki mrefu aliyetoka mbali kuliko kusimulia jirani.

Kwa wakati huohuo, watu wa chini nao walijenga usalama wao kwa njia zao. Taveta, ng'ambo ya Ziwa Jipe, yatoa mfano ulio bora. Wataveta, ambao baadhi ya koo zao zilitoka Upare na Taita, walikaa ndani ya msitu mnene wa Mto Lumi, na njia za kuingilia zilikuwa nyembamba, zimefungwa kwa magogo. Wamisionari na wasafiri, miongoni mwao Charles New mwaka 1871 na Joseph Thomson mwaka 1883, walipumzika humo kwa raha, wala Wamaasai hawakupenda kupigana mahali ambapo mkuki haurushwi. Taveta haina urefu wowote. Usalama wake ulikuwa katika msitu, na katika mapatano ya wafanya biashara ambao wote walihitaji mahali pa kulala bila kuuana. Kisiwani kulikuwa na jambo linalofanana na hilo kidogo. Jina lenyewe laeleweka vema mtu akisimama huko: vijito vitokavyo mlimani vyakifanya kijiji kuwa cha kijani katikati ya nyika kavu, kama kisiwa baharini.

Hapa nataka kusimama juu ya neno moja ambalo historia yake ni historia ya jambo hili, nalo ni boma. Krapf, ambaye kamusi yake ilichapwa mwaka 1882 baada ya kufa kwake, alilitia neno hilo kwa maana ya ukuta wa miti uliowekwa ili kulinda. Ilikuwa ni kitu cha mikono: miti iliyochongwa, au miiba iliyolazwa kuzunguka nyumba na zizi. Walipokuja Wajerumani wakajenga vituo vyenye kuta, wenyeji wakaviita maboma, kwa kuwa vilifanana. Walipokuja Waingereza, nyumba za utawala hazikuwa tena na ukuta wa vita, lakini neno likabaki, na boma likawa ofisi ya mkuu wa wilaya. Leo mtu asemapo aenda bomani hafikiri mwiba wala mti. Katika safari hiyo ya neno twaona nani alidhaniwa kuwa mlinzi: kwanza mwenye nyumba na ndugu zake, baadaye askari, mwishoni karani mwenye muhuri. Yafaa niseme kwa kupita ya kuwa hadithi iliyoenea, isemayo kwamba boma ni kifupi cha maneno manne ya Kiingereza juu ya utawala wa Uingereza ng'ambo ya bahari, haina msingi wowote. Neno liliandikwa katika kamusi miaka zaidi ya 30 kabla Waingereza hawajatawala Tanganyika. Nimeisikia hadithi hiyo kwa watu wenye elimu, na sijui ni lini tutaachana nayo.

Tulilinganishe na neno kaya. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, kaya ni makao ya zamani yaliyozungukwa na msitu na yenye milango ya kulindwa, mahali pa kabila zima na matambiko yake. Katika Kiswahili cha Tanzania kaya imekuwa watu wa nyumba moja, wanaohesabiwa na karani wa sensa. Neno moja limebaki na msitu, jingine limepoteza msitu na kubaki na chungu. Na jirani je? Katika Kiarabu jīrān ni wengi wa jār. Waswahili waliuchukua wingi wakaufanya mmoja, kana kwamba kwao jirani hakuwa mtu bali kundi. Waarabu wana methali iagizayo mtu kumtazama jirani kabla ya kuitazama nyumba, na watu wa Upare, ambao hawakuisoma kwa Kiarabu, waliishi kwa kanuni hiyohiyo chini ya mpungi.

Turudi katika historia. Wajerumani waliweka walinzi wao Kisiwani na Mazinde kwa sababu ya ile njia ya misafara, lakini njia hiyo haikudumu. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911, nayo ilipita ubavu wa magharibi, si wa mashariki. Kisiwani na Gonja, zilizokuwa zimelindwa kwa sababu watu walipita, zikabaki pembeni. Mahali penye kituo cha gari, katika upenyo kavu usio na mto mkubwa wala historia ya kutajwa sana, pakatokea mji wa Same. Sikuona simulizi yoyote ya zamani inayousifu kuwa mahali pema pa kukaa. Ulichaguliwa na mhandisi na mtawala, na wote wawili walitazama njia.

Wamisionari walichagua tofauti. Walutheri wa Leipzig walijenga Shigatini mwaka 1900, na Waadventista waliofika mwaka 1903 walijenga Mamba, katika Giti, wakapaita kwa Kijerumani Bonde la Amani. Wote walipanda. Wazungu hao walikuwa na hofu ya homa kuliko hofu ya mkuki, na kwa hiyo walikubaliana na wenyeji bila kukusudia. Shule na zahanati zikawa mlimani, na kwa miaka mingi mtoto wa Upare alisoma juu, akashuka kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Kisangara na Ndungu, akapata homa, akapanda tena. Wazee waliona vema kuwa nyika haikuwa na Mmaasai wala mwuza watu tena, na bado haikuwa salama.

Same ilipata umaarufu wake mmoja mkubwa kwa jambo ambalo halikutarajiwa na waliouweka mji huo. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani kuja bomani kuipinga kodi mpya iliyoitwa mbiru, wakakaa huko kwa kupokezana zamu. Waliacha makao yao ya salama wakalala katika mbu na vumbi ili mtawala awaone. Kodi hiyo iliondolewa baadaye. Tukio hilo limekwisha kuchunguzwa na Kimambo kwa urefu, nami nalitaja tu kwa kuwa laonyesha jinsi maana ya boma ilivyokuwa imegeuka mara moja zaidi: walilizunguka wao, kwa miili yao.

Mabadiliko makubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, hayakuletwa na vita wala na reli, bali na dawa ya kunyunyiza. Mwaka 1954 ulianza mpango wa kuchunguza malaria katika nchi ya Taveta na nyika ya Upare ya Kusini, ukisimamiwa na chuo cha uchunguzi wa malaria kilichokuwa Amani, katika Usambara. Kuanzia mwaka 1955 mpaka mwaka 1959 nyumba za huko zilinyunyizwa dieldrini kuta na mapaa, kwa kurudiwa baada ya miezi kadhaa. Mbu wanaolala ndani ya nyumba wakatoweka karibu wote, vidudu vya malaria vikapungua sana katika damu ya watoto, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za watu, mama aliweza kulea mtoto nyikani bila kuhesabu siku. Unyunyizaji ulipokoma, malaria ilirudi polepole, si mara moja. Dieldrini yenyewe ilionekana baadaye kuwa sumu inayodumu katika udongo na miili, na mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliiweka katika orodha ya dawa za kukomeshwa. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuona kwamba nyika yaweza kukaliwa, na mlimani ardhi ilikuwa imegawanywa mpaka kipande cha mwisho. Wakashuka.

Mtu anayetafuta chumba Same leo, mathalan mwalimu au muuguzi aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine, hupima mambo ambayo mzee wa Ugweno angeyatambua. Hutazama maji yatoka wapi na siku gani. Huangalia kama nyumba imejengwa ndani ya korongo lililokauka, kwa maana katika nchi kavu yenye mlima juu yake korongo lililokauka ni mto unaongojea siku yake. Huuliza ni nani mwenyekiti wa kitongoji na kama watu walala mapema. Katikati ya miaka ya 1960 chama cha TANU kilianzisha mabalozi wa nyumba kumi kumi, na ijapokuwa mpango huo ulikuwa wa siasa, katika mitaa mingi balozi alikuwa mtu wa kwanza kumjua mgeni, kumwandika na kumsemea. Mgeni aliyepanga nyumba bila kupita kwa balozi alikuwa kama mgeni wa zamani aliyefyeka mahali bila kuwaona wenye mpungi. Aliye upande wa Kisiwani ana jambo moja zaidi la kufikiria, yaani tembo, kwa sababu pori la Mkomazi lililotengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1951, na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008, lipo mlangoni pake.

Wengi wa wapangaji hao wangali wakiamini, na wenyeji huwaambia, kwamba salama kamili iko kule juu, nyumbani kwa wazee, na kwamba mjini ni mahali pa kazi tu. Imani hiyo ina mizizi ya karne nyingi, kama tulivyoona, lakini yategemea mlima ambao watu wake walikuwa wachache na miteremko yake ilikuwa imefunikwa na miti. Mwezi wa Novemba mwaka 2009, baada ya mvua kubwa, udongo uliporomoka usiku katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, ukafunika nyumba na watu waliokuwa wamelala. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengi wao wa jamaa moja. Hawakuwa wageni, wala hawakukaa mahali pasipo na mwenyewe. Walikuwa na maji, hewa nzuri na majirani wa damu, yaani walikuwa na kila kitu ambacho kipimo cha zamani kilidai.

Je, kipimo cha zamani hakikuujua mteremko? Siamini hivyo. Katika nchi zote za milima majina ya mahali huhifadhi habari ambazo watu wamezisahau: mahali palipokatika, mahali palipomeza, mahali pasipolimwa kwa mwiko. Baadhi ya mipungi imesimama juu ya miteremko mikali na vyanzo vya maji, na mwiko wa kukata miti humo uliushika udongo mahali pake, hata kama waliouweka walitoa sababu nyingine kabisa. Tumekusanya majina ya watawala wa Upare na nasaba zao kwa bidii ya kusifiwa. Majina ya miteremko yao hatujayakusanya kwa bidii kama hiyo, na wanaoyajua kwa Chasu safi ni wazee ambao wajukuu wao wamepanga vyumba Same, Moshi na Dar es Salaam. Kazi hiyo ingefaa ianze Mamba, kisha Vunta na Bwambo, ambako nyumba zaning'inia juu ya mashamba ya tangawizi na mihogo, na ifanywe na mtu anayeijua Chasu vya kutosha kuuliza, mbele ya kila mteremko, jina lake ni nani na nani alikatazwa kujenga hapo.